Ukumbi Usiofika Leo

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa Julai, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo mlinzi wa mlango wa makumbusho, mtu mnene waliyemwita Kifuli, alipanda ngazi kwenda kuangalia kwa nini taa za Ukumbi wa Wasafiri wa Bahari zilikuwa zinawaka na yeye hajaziwasha. Alimkuta mtunzaji wa ukumbi amelala kifudifudi chini ya mfano mkubwa wa merikebu, kisogo kimepasuka, damu imeshakauka kwenye mbao za sakafu. Mtunzaji huyo watu walimwita Baharia, ingawa hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Nyuma yake kabati la kioo lilikuwa wazi, ufunguo unaning'inia, na ramani ya kale iliyochorwa kwenye ngozi, kitu pekee cha thamani katika jengo zima, haipo.

Kufika saa tatu polisi walikuwa na maiti. Kufika saa sita walikuwa na mtuhumiwa. Na Ijumaa, kabla chai haijapoa, Mkuu wa kituo alishapiga simu gari la magereza lije saa kumi jioni limchukue.

Haraka hiyo ndiyo iliyomshtua Sajini, aliyekabidhiwa kesi. Miaka ishirini na sita alikuwa kazini, hajaona wakubwa wakiharakisha haki ya mtu. Wakiharakisha, ujue kuna kitu kinawaunguza wao.

Mtuhumiwa alikuwa mfagizi wa ukumbi, mama wa miaka sitini na ushee, mwenye pumu, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mstari mmoja. Sajini alikuwa nao mezani saa nne asubuhi ya Ijumaa hiyo, katika daftari la ukumbi, jalada gumu, pembe zimeliwa na jasho la vidole. Baharia alikuwa akiandika humo kila siku ya kazi, kwa herufi kubwa tupu kama mtoto anayejifunza: siku ya juma, kazi iliyofanyika, nani kachukua ufunguo gani. Mistari mitatu ya mwisho ilisema hivi:

JUMATATU. WANAFUNZI SITINI. KIOO CHA DIRA KIMEFUTWA.

JUMANNE. GRISI UBAO WA SIKU. MCHANA HAKUNA WAGENI.

JUMATANO. SHANGAZI KACHUKUA UFUNGUO WA KABATI LA RAMANI. SAA NANE. HAJARUDISHA.

Daktari alisema Baharia alikufa Jumatano, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Ufunguo kachukua Shangazi saa nane. Jumlisha mwenyewe. Mkuu wa kituo alijumlisha na akaona hesabu imetoka sawa, akataka Sajini aandike karatasi ya mashtaka upesi akapumzike.

Lakini Sajini aliishia darasa la saba, na kusoma kwake kulikuwa kwa kidole. Vijana waliotoka vyuoni walikuwa wakiruka mistari kama mbuzi anavyoruka mtaro. Yeye kila neno alilikanyaga. Walimcheka sana kwa hilo. Basi akarudi nyuma, ukurasa mmoja, ukurasa wa pili, kidole kinatembea. Mwisho wa kila juma palikuwa na mhuri wenye tarehe na saini ya Mkurugenzi wa makumbusho, saini yenye mkia mrefu wa mjusi. Ijumaa ishirini na sita Juni, saini. Ijumaa kumi na tisa, saini. Miaka kumi na moja ya mikia ya mijusi.

Aliijua aina hiyo ya saini. Katika wodi alikofia mkewe kulikuwa na karatasi kama hiyo juu ya mashine ya hewa, imesainiwa kila wiki kwamba mashine ni nzima. Mashine ilikuwa imekufa miezi miwili kabla ya mgonjwa.

Akasukuma kidole mbele. Alhamisi. Ijumaa. Jumapili. Jumatatu. Akasimama. Akarudi wiki ya nyuma yake. Alhamisi, Ijumaa, Jumapili. Wiki ya nyuma zaidi, vilevile. Akafunua mwezi Machi, akafunua mwaka juzi, akaenda mpaka ukurasa wa kwanza kabisa ambao wino wake ulikuwa umegeuka kahawia.

Katika daftari lile hapakuwa na Jumamosi hata moja.

Alivuka barabara akaenda kwa Kifuli. Makumbusho yalikuwa yanatazamana na kituo cha polisi, ng'ambo kwa ng'ambo, na kibanda cha mlinzi kilikuwa na kiti kimoja na jiko la umeme lisilo na waya. Kifuli alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena. Sajini alimwomba daftari la geti akalilinganisha na lile la ukumbi. Wanafunzi sitini, mabasi mawili, walipita getini Jumanne. Baharia aliwaandika Jumatatu.

Kwanza alidhani mzee alikuwa mlevi. Kifuli akasema Baharia hata soda ilimpa kizunguzungu. Akadhani basi alikuwa akijaza daftari kwa kubuni, kama wafanyavyo wengi wakijua hakuna anayesoma. Akauliza kama makumbusho hufunguliwa Jumapili.

"Jumapili hapa hata nzi haingii," Kifuli akasema. "Ufunguo wa geti nalala nao."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi tunafungua, tena ndiyo siku ya watu wengi. Na Jumatano ndiyo siku ya watu wachache, saa nane tunafunga kwa wageni."

Kwa hiyo mtu alikuwa haandiki siku yenye watu wengi, na anaandika siku ambayo hata nzi haingii. Sajini akaliacha hilo kwanza, akauliza la Shangazi. Jumatano alitoka saa ngapi? Kifuli alitazama dirisha la juu, la ofisi ya Mkurugenzi, kisha akatazama viatu vyake. Alisema hakumwona akitoka. Sajini akamwonyesha kwa kidole mstari wa daftari la geti, Jumatano, palipokwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Nani kakwambia ukwangue?"

Mlinzi alilifunga daftari la geti kwa viganja vyote viwili. "Nina watoto wanne, Sajini. Mtu ameshakufa mle ndani. Mimi nimeambiwa mlinzi mwingine wa kulala na ufunguo anaweza kupatikana kesho asubuhi, na wa kulala ndani ya jeneza pia. Usiniulize tena."

"Aliyekwambia ana saini ya mkia?"

Kifuli alichukua ufagio akaanza kufagia kibanda kilichokwisha kufagiliwa.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa mwisho wa korido, chumba chenye dirisha la ukubwa wa tofali. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kopo lake la dawa ya kifua mkononi ingawa lilikuwa tupu tangu usiku. Sajini alichuchumaa upande wa pili wa nondo. Alimwuliza kuhusu ufunguo na mama akasema lile alilolisema tangu jana, kwamba ufunguo wa kabati hakuwahi kuushika maisha yake, yeye ni wa vumbi la nje ya kioo. Vumbi la ndani ni la wenye digrii.

Ndipo akamwuliza kuhusu Jumamosi.

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Shangazi alitabasamu. "Kumbe wewe umesoma daftari?"

"Nimesoma."

"Lote?"

"Lote."

"Basi wewe ni wa kwanza, baba. Baharia angekukumbatia."

Akamweleza, kwa pumzi fupi fupi, akisimama kila baada ya maneno matano. Mle ukumbini kulikuwa na wasafiri wa kila namna, waliochongwa kwa mti na kuvikwa nguo: yule Mwarabu aliyetembea miaka karibu thelathini, yule Mchina wa merikebu kubwa kubwa, yule Mreno aliyeizunguka ncha ya kusini kutafuta India. Lakini Baharia moyo wake ulikuwa kwa safari moja. Bwana mmoja, Magelani, alitoka na meli tano na watu mia mbili na kitu, wakafuata jua linakotua. Yeye mwenyewe akauawa njiani, visiwani huko mashariki. Baada ya miaka mitatu ikarudi meli moja na watu kumi na wanane, mifupa na ngozi. Wakiwa wamekaribia kufika walitia nanga kisiwani kutafuta chakula. Kwenye hesabu yao siku hiyo ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Julai, na mwenye kuandika hakuwahi kuruka siku hata moja. Watu wa nchi kavu wakawaambia leo ni Alhamisi.

"Nani alikosea?" Sajini akauliza.

"Hakuna. Dunia ukiizunguka kwa upande ule, inakula siku yako moja. Baharia alikuwa akisema, wale kumi na wanane walinyang'anywa siku, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewarudishia. Aliyekufa njiani ndiye safari inaitwa yake. Waliofika, nani anawajua majina? Basi akasema humu kwangu nitawatunzia siku yao. Ubao wa siku, daftari, vyote vinakwenda kwa hesabu ya meli. Huku nje ikiwa Alhamisi, mle ndani ni Jumatano. Sisi mle huwa hatujafika leo."

Sajini alihesabu kwa vidole, kimya. Jumamosi ya meli ni Jumapili ya huku nje, jengo limefungwa, ndiyo maana haimo daftarini. Jumapili ya meli ni Jumatatu ya kazi. Wanafunzi wa Jumanne wakaandikwa Jumatatu. Yote yakakaa mahali pake, moja moja, kama sahani kwenye rafu. Halafu vidole vyake vikafika kwenye mstari wa mwisho, vikasimama.

"Mara ya mwisho kumwona akiandika ni lini?"

"Jumatano ya huku nje, mchana. Nilikuwa nimeshika ndoo. Aliandika mambo ya grisi. Nikatoka saa nane, nikamuaga Kifuli, akanitania juu ya viatu vyangu."

Mambo ya grisi yalikuwa kwenye mstari wa JUMANNE. Yaani Jumatano ya huku nje Baharia alishaiandika na kuimaliza. Mstari uliofuata, ule wa JUMATANO, ule wa ufunguo, kwa hesabu ya mzee ungeandikwa Alhamisi. Na Alhamisi mzee alikuwa maiti.

Mstari ule uliandikwa na mtu mwingine. Mtu aliyekuwa na daftari mkononi, aliyeweza kuiga herufi kubwa, na ambaye hakujua desturi ya ukumbi kwa sababu, kwa miaka kumi na moja, hakuwahi kulisoma hilo daftari.

Shangazi alikuwa akimtazama mkono. Dole gumba la Sajini la kulia lilikuwa jeusi tititi tangu jana, ameshaliosha kwa sabuni na kwa mchanga bila mafanikio. Jana asubuhi, akikagua ukumbi, aliona ubao wa siku umeandikwa JUMANNE, akadhani mzee alisahau, akakibonyeza kidogo kile kipini cha chuma kinachoangusha vibao, kuona kinavyofanya kazi, kisha akakiacha kama kilivyokuwa.

"Hiyo ni grisi ya malori," mama akasema, na kicheko kikamgeuka kikohozi. "Haitoki kwa sabuni. Mafuta ya taa tu. Baharia dole lake lilikuwa hivyo maisha yake yote. Tulikuwa tukisema, ukiona dole jeusi ujue huyo kapindua siku." Alipopata pumzi tena uso ulikuwa umebadilika. "Saa kumi bado ni mbali?"

"Bado."

"Kule gerezani, hii dawa wanayo?"

Sajini alisema wanayo. Alijua hawana.

Ilikuwa saa nane na dakika tano alipopiga saluti mbele ya Mkuu wa kituo na kufunga mlango nyuma yake. Alieleza taratibu, daftari liko wazi mezani, akionyesha kwa kidole mahali ambapo Jumamosi zingekuwa. Alieleza juu ya mstari uliokwanguliwa kwenye daftari la geti. Akaongeza kwamba hata ubao wa ukumbini utashuhudia: mzee aliuawa Jumatano, na ubao wake bado unasema Jumanne, hajaupindua mtu tangu hapo. Picha hawakupiga, kamera ya kituo haina betri tangu Mei, lakini ubao wenyewe upo, na mlango wa mbele wa ukumbi ameubandika utepe yeye mwenyewe.

Mkuu wa kituo alikuwa na kawaida ya kuzungusha kalamu vidoleni akisikiliza. Kalamu ilisimama.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna, Afande. Wewe tu."

"Vizuri. Kaandike maelezo ya huyo mama. Taratibu, neno kwa neno, usiruke kitu. Usiwe na haraka."

Sajini alishuka korido akiyapima maneno hayo. Asubuhi haraka, sasa taratibu. Mwenye kufurahia kesi kugeuka angeuliza nani muuaji. Huyu aliuliza nani anajua. Lakini amri ni amri. Aliandika maelezo ya Shangazi neno kwa neno, ikamchukua saa nzima na ushee, kwa sababu mama alikuwa anapumua kama anayepanda mlima. Wakati huo alisikia gari la Mkuu wa kituo likiwashwa uani, likazimwa baada ya muda mfupi mno, kama lililovuka barabara tu. Alipomaliza alipita jikoni kwa mpika chai, akaomba mafuta ya taa kwenye kifuniko, akasugua dole. Grisi ikatoka kama alivyoambiwa. Akaweka daftari kwapani, akavuka barabara.

Kifuli hakuwapo kibandani. Kiti chake kilikuwa kimeanguka ubavu.

Utepe wa mlango wa mbele ulikuwa mzima, saini yake juu yake. Aliusikia mlio ule akiwa ngazi ya katikati: mlio mmoja mkavu wa chuma, kisha sauti ndogo ya bati likigonga bati. Hakuna panya anayelia hivyo. Alisimama na mguu mmoja hewani. Jalada la daftari likateleza, akalidaka kwa kiwiko. Ujanani angekimbia juu. Sasa alipanda ngazi moja baada ya nyingine.

Alikata utepe, akafungua. Ukumbi ulikuwa mtupu. Wale wasafiri wa mti walisimama kandokando ya kuta na macho yao ya gololi, kila mmoja akitazama upande wa mbali kama shahidi asiyetaka kuitwa. Merikebu ilining'inia kwa kamba zake juu ya doa la damu. Mlango wa ndani, ule wa kwenda korido ya Mkurugenzi, ulikuwa umefungwa. Jana Mkurugenzi alisema ufunguo wake ulipotea miaka mingi.

Ukutani ubao wa siku ulisema JUMATANO.

Kibao cha bati kilikuwa bado kinayumba. Huku, kule. Kidogo, kama mkia wa ng'ombe aliyesinzia, lakini kilikuwa kinayumba.

Sajini alikitazama mpaka kikatulia. Mtu alikuwa amekipindua sasa hivi, ili ubao na mstari wa uongo vipatane, na ijulikane kwamba mzee aliyeuawa Jumatano aliandika Jumatano kama watu wengine wote. Ushahidi wa ukutani ulikuwa umekwenda. Lililobaki duniani kumtoa Shangazi ni daftari lililokuwa kwapani mwake, na yeye peke yake ndani ya chumba alichofia mtu wa mwisho aliyekuwa nalo.

Ufunguo uliopotea miaka mingi ukageuka kwenye kitasa.

Waliingia wawili, Mkurugenzi mbele na Mkuu wa kituo nyuma, ambaye aliusukuma mlango kwa mgongo hadi ukajifunga. Mkurugenzi alikuwa mtu wa suti nyepesi na sauti laini kuliko suti. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Mkuu wa kituo alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani kwa mkono wa kulia, dole ndani, kama wafanyavyo watu msibani.

Mkurugenzi alimpa pole kwa kazi ngumu. Alisema wote wamechoka, na familia ya marehemu inataka kuzika. Daftari la ukumbi ni mali ya makumbusho, lina historia, halifai kubebwa bebwa kwenye makwapa ya watu. Wamekubaliana na Afande lirudi kabatini leo hii. Kwa mkono wa kushoto akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Soma, utie saini, uende nyumbani," Mkuu wa kituo akasema. "Binti yako bado anafundisha ile shule ya karibu na reli, siyo? Mwenyewe unajua uhamisho siku hizi."

Kupitia dirishani, nyuma ya bega la Mkurugenzi, Sajini aliona gari la magereza likikata kona kuingia uani mwa kituo. Lilikuwa limewahi kwa robo saa. Wangemtoa mama korido ile akiwa na kopo lake tupu, na kesho yake, au kesho kutwa, mtu angetia saini kwamba alikuwa mzima.

Aliipokea karatasi kwa ncha za vidole akaikunjua. Amri ilikuwa fupi, wino haujakauka vizuri, saini ya Mkuu wa kituo chini na ule mkia wa mjusi kando yake. Alianza kuisoma kwa kidole, kama kawaida yake, na akamsikia Mkurugenzi akivuta pumzi ya mtu aliyepotezewa muda. Neno la kwanza, la pili. Alipofika ukingoni kidole chake kikasimama.

Pale karatasi ilipokunjwa palikuwa na chapa ya dole gumba. Lilikuwa jeusi, limetulia, mistari yake yote inaonekana, mduara ndani ya mduara kama maji yaliyotupiwa jiwe. Aligusa pembeni yake, grisi ikamshika. Bado mbichi.

Aliliangalia dole lake. Lilikuwa safi, linanuka mafuta ya taa.

Sajini alielewa mambo matatu kwa mpigo mmoja: kwamba hawa wawili nao sasa wameona anachokiona, kwamba karatasi hii, waliyomletea kwa mikono yao, ina nguvu kuliko ubao na daftari vikiwekwa pamoja, na kwamba kati yake na ngazi kuna mlango mmoja, hatua tisa, ambao hakuufunga. Aliikunja karatasi palepale ilipokunjwa, taratibu, asilifute, akaiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa mistari mitatu ya mwisho, akarudi nyuma hatua moja. Kisha ya pili.

"Rudisha hiyo," Mkuu wa kituo akasema, kwa sauti ya chini sana.

Hakuna aliyetoa mkono. Kofia ilibaki kifuani. Mfuko ulibaki na mkono wake. Uani ng'ambo ya barabara dereva wa magereza alipiga honi mara moja, ndefu.

Hatua ya nane, ya tisa. Kisigino kikagusa kizingiti. Sauti ilipomtoka Sajini ilikuwa nyembamba, ya mtu mwenye hofu, lakini haikukatika, na wale wa mti na wale wa nyama wote waliisikia.

"Wazee, dole hili ni la nani?"